Mkono Uliotoa Kadi

Basi linapomaliza kona za mlima na kushusha abiria wake mbele ya ghala la kabichi, mgeni wa kijiji cha Sotjae hukutana kwanza na upepo, kisha mteremko, kisha sauti ya Tak Jomnye. Mteremko ni mkali hivi kwamba kabichi huonekana kama zimebandikwa ukutani. Sauti ilikuwa kali zaidi. Mwaka ule, theluji ilipoanza kuyeyuka, waliofika kwa mara ya kwanza walidhani kuna watu wanapigana huko juu. Hakukuwa na watu. Kulikuwa na mwanamke mmoja mfupi wa miaka sitini na minane, kofia ya pamba kaifunga kidevuni, anaokota mawe shambani na kuyatupa mpakani, na kila jiwe lilikuwa na neno lake la kumfikia Mungu.

"Na hili uliliumba la nini? Eh? Mlima mzima wa mawe haukukutosha?"

Ulipomuuliza kama anasali, alikujibu, "Mimi na yeye hatusalimiani. Namgombeza tu. Kusali ni kwa waliopatana."

Mwanawe wa pekee, Pyo Insok, alikufa vuli iliyotangulia. Kabichi za mwisho zilikuwa zimeshakatwa. Alikuwa anateremsha trekta dogo la mkono, tela limejaa makasha matupu, mahali ambapo baba yake aliteremka miaka thelathini bila kuteleza, na trekta likapinduka, likamwangukia. Aliacha mke, Thoa, aliyetoka Vietnam, kwenye mito ya kusini, na binti wa miaka sita, Sol. Na aliacha mama, shemasi wa kanisa, ambaye tangu utoto hakuwahi kukosa kanisani ila siku aliyojifungua.

Msibani, katika ukumbi wa hospitali ya mjini, Mzee Hyon wa baraza la kanisa aliketi kwenye mkeka, soksi zake nyeupe kama unga, akasema kwa sauti ya kufariji, "Mama Shemasi, Mungu akiingia bustanini huchuma kwanza ua lililo zuri zaidi."

Jomnye alikuwa amebeba sinia la supu ya nyama, ile nyekundu ya msibani. Akasimama.

"Wewe una watoto wanne, Mzee Hyon. Wote wazima?"

"Namshukuru Mungu, wote."

"Kumbe umezaa magugu." Na bakuli moja likamiminika, polepole, juu ya soksi zile.

Watu walisema ni uchungu. Haukuwa uchungu, ilikuwa hasira, na kuna tofauti. Uchungu humlaza mtu. Hasira humwamsha alfajiri akaenda kuokota mawe.

Sasa, sisi wa Sotjae tuna desturi. Jumapili ya kwanza ya mwaka, kikapu hupitishwa kanisani kimejaa kadi, na kila kadi ina mstari mmoja wa Biblia. Unafumba macho, unatumbukiza mkono, unatoa. Hilo ndilo neno lako la mwaka mzima. Wengine hulibandika juu ya kioo, wengine kwenye friji, wengine kwenye kioo cha trekta. Wapo waliooa kwa sababu ya kadi, na wapo walioacha kuuza shamba kwa sababu ya kadi. Kubadilishana ni mwiko. Mwaka uliotangulia bibi mmoja mjane, Kuk Punnam, alitoa neno la kusubiri katika dhiki, akaomba apewe jingine kwa kuwa dhiki zilizopo zinamtosha. Mzee Hyon akamkatalia mbele ya kanisa zima. "Neno ni la mkono uliolitoa," alisema. "Mungu hakosei mkono."

Jumapili hiyo Jomnye alikwenda kwa sababu moja tu: Sol alitaka supu ya vitumbua vya mchele inayopikwa kanisani mwaka mpya. Kikapu kilipomfikia alitumbukiza mkono kama anayevuta jongoo shimoni. Mchungaji Ban, kijana aliyekuwa na mwaka wa pili tu mlimani, akasoma kwa sauti: "Uendako nitakwenda, na ukaapo nitakaa. Watu wako watakuwa watu wangu, na Mungu wako atakuwa Mungu wangu."

Kanisa likashusha pumzi kwa pamoja, na vichwa vyote vikageuka. Havikumgeukia Jomnye. Vilimgeukia Thoa.

"Ruthi!" Mzee Hyon alipaza sauti. "Mkamwana mgeni asiyemwacha mama mkwe! Mungu amesema, wenyewe tumesikia!"

Na Jomnye, ambaye kwa miezi hakuhisi kitu ila kuungua, alihisi kadi ile imemkaa mkononi kama kamba. Upande mmoja kaushika yeye. Upande wa pili umefungwa mtu.

Akaibandika juu ya mlango wa chumba cha Thoa.

Thoa alikuwa na miaka minane Sotjae, na lafudhi yake ya milimani ilikuwa nzito kuliko ya waliozaliwa hapo. Alijua kufunga kabichi, kutia chumvi, kukaza kamba za tela. Siku moja, akiosha figili, aliongea bila kugeuka.

"Mama, nataka kurudi kwetu. Mimi na Sol. Kabla ya kupanda miche."

"Kwenu wapi? Kwenu ni hapa."

"Kwa mama yangu."

Jomnye akanyoosha kidole mlangoni. "Soma."

"Nimeshaisoma."

"Soma kwa sauti."

Thoa akafuta mikono, akaisoma kadi yote, vizuri, kama mwanafunzi. Kisha akarudi kwenye figili zake.

"Umesikia ulichosema?"

"Nimesoma, Mama. Sijasema."

"Ulimi huo! Insok ndiye aliyekudekeza."

"Insok alinichekesha. Hapa sasa nani ananichekesha? Asubuhi unagombana na Mungu, mchana unagombana na mawe, jioni unanionyesha kadi. Mimi nimefiwa na mume. Mbona hakuna aliyeniuliza hata kama nimekula?"

"Na mimi nani kaniuliza?"

"Mimi! Kila siku! Unanijibu 'sina njaa' halafu unamaliza sufuria!"

Sol akacheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza.

Wakaendelea hivyo hadi Aprili. Thoa akimpigia mama yake simu, wakionana usoni, Jomnye alipita nyuma yake akikohoa, akigusa mlango, akiinyoosha kadi ambayo haikuwa imepinda. Alijua anafanya nini. Alijiambia kwamba Mungu kamchukulia mmoja, basi na amlipe kwa kumshikia hawa wawili, na kama njia ya kuwashika ni kadi, na iwe kadi.

Ndipo Mzee Hyon akaja na kasha la peari.

Aliketi, akakunja miguu, akasifu joto la sakafu, maana nyumba za huko hupashwa moto kwa chini. "Mama Shemasi, kanisa tumekubaliana. Jumapili ya wazazi, Mama Sol atapewa tuzo ya mkamwana mwema. Na mpiga picha atakuja kutoka wilayani."

"Vizuri."

"Na jambo la pili. Ruthi hakubaki mjane. Alimpata Boazi." Akajisafisha koo. "Mdogo wangu Tokpal ana miaka hamsini na miwili. Pombe hanywi. Ana trekta kubwa."

Jikoni kisu cha Thoa kilikuwa kinakata vitunguu. Tak, tak, tak.

"Shamba lako na la Tokpal yanapakana," Mzee Hyon aliendelea. "Ndoa ikifungwa, ni kung'oa tu mawe ya mpaka. Ardhi inabaki kanisani, mtoto anapata baba, na wewe unabaki na mkamwana. Neno linatimia lote."

"Tokpal mwenyewe kasemaje?"

"Tokpal hajaambiwa."

"Na Thoa?"

"Si ana kadi?" Mzee Hyon alitabasamu. "Kadi imeshamwambia."

Kisu kikanyamaza.

Jomnye alikuwa amezoea kelele. Ukimya ule wa jikoni ulimwingia kama maji ya Januari. Aliutazama uso wa Mzee Hyon, mtulivu, umeshiba, una hakika ya mapenzi ya Mungu hadi kwenye mipaka ya shamba, na akauona uso aliokuwa ameuvaa yeye mwenyewe tangu mwaka mpya.

"Toka," alisema.

"Mama Shemasi?"

"Toka kabla sijatafuta supu!"

Akatoka. Na peari zake zikatoka nyuma yake, moja baada ya nyingine, zikibingirika mteremkoni kumzidi mbio hadi ghalani.

Jomnye akafungua Biblia. Hakuifungua kwa ibada. Alitafuta silaha. Alitaka kujua huyo Boazi alikuwa mtu wa namna gani, na kama naye alikuwa na kaka wa kumposea huku mwenyewe hajui. Aliutafuta mstari wa kadi, akaukuta, akarudi nyuma kidogo ili ajue ulianzia wapi. Miaka yote ile aliusikia kwenye kadi, kwenye mahubiri ya wazazi, kwenye kitambaa kilichotariziwa ukutani kwa Mzee Hyon. Sura nzima hakuwahi kuisoma. Nani angemwambia aisome? Kadi ilitosha.

Akakuta kwamba kabla Ruthi hajafungua mdomo, Naomi amezungumza. Amewaambia wakwe zake warudi, kila mmoja nyumbani kwa mama yake. Nyumbani kwa mama yake, imeandikwa. Akawabusu. Wakalia, wakakataa, akawaambia tena: rudini, binti zangu. Na yule mwingine, Orpa, akarudi, na hakuna radi iliyompiga. Hakuna hata neno moja la kumlaumu.

Jomnye akasoma mbele. Naomi anafika Bethlehemu, wanawake wanatoka kumlaki, na yeye anawaambia wasimwite tena kwa jina lake, wamwite Mara, yaani chungu, kwa maana Mwenyezi amemtenda mambo machungu sana. Aliondoka amejaa, Bwana amemrudisha mtupu.

"Shetani!" Jomnye alipiga sakafu. "Thoa! Njoo! Njoo uone wezi!"

Thoa akaja na kisu mkononi.

"Soma hapa. Huyu mwanamke kafiwa na mume na watoto wawili, kasimama katikati ya mji anamsema Mungu hadharani, na wameandika! Hakuna mzee aliyeinuka akamwambia habari za maua! Hakuna aliyemwambia anyamaze, asikufuru, ashukuru! Imo humuhumu ndani! Tangu nazaliwa nimekaa kwenye benchi lile, wananigawia kadi tamutamu kama peremende, na hili wamelificha!"

"Hawakulificha, Mama. Kitabu ulikuwa nacho."

Jomnye akamtazama kwa ghadhabu, kwa sababu ni kweli.

Aliinama akasoma tena mstari ule wa mwisho, kidole kikifuata. Nimerudi mtupu. Akasimama hapo. Anasema yeye ni mtupu, na Ruthi yuko wapi akisema hivyo? Yuko pale pale, kasimama ubavuni, na vumbi la njia nzima miguuni. Ametoka kumwambia nitakufa utakapofia, na mama huyu anawaambia majirani: sina kitu, nimerudi peke yangu.

Akaifunga Biblia, akamtazama Thoa aliyesimama na kisu chake.

"Umekula?" akauliza hatimaye.

"Nini?"

"Nakuuliza umekula, wewe."

"Bado."

Jomnye akainuka, akaenda mlangoni, akaibandua kadi na rangi ya mlango ikabanduka nayo. "Nenda kwa mama yako," alisema. "Imeandikwa. Mchukue Sol. Sikuzuii, wala hakuna mtu mlimani hapa atakayekuzuia, nikiwa na mikono."

Thoa akainamisha kichwa. "Asante, Mama." Akaingia chumbani, na baada ya muda ikasikika zipu ya begi.

"Hivyo tu?" Jomnye alipiga kelele. "Ruthi aling'ang'ania!"

"Mimi si Ruthi," sauti ikajibu. "Mimi ni Thoa."

Jumapili ya wazazi ilifika, na wazee wote wakabandikwa maua mekundu kifuani. Mpiga picha alikuja. Mzee Hyon alisimama mbele na tuzo ndani ya fremu ya dhahabu, akaomba mstari usomwe. Mchungaji Ban akausoma. Thoa akaitwa. Hakuinuka. Aliinuka Jomnye.

"Mchungaji, usome kuanzia juu. Panapoanza kusema mama mkwe."

"Mama Shemasi, ratiba..." Mzee Hyon alianza.

"Ratiba yako ilibingirika na zile peari! Soma, mwanangu."

Mchungaji Ban aliangalia fremu, akaangalia kitabu. Masikio yakawa mekundu. Lakini akasoma, na alisoma vizuri, bila kukimbilia, kila mtu akasikia rudini, binti zangu, na kila mtu akasikia mwiteni Mara. Alipofika kwenye machungu ya Mwenyezi, kutoka benchi la nyuma Bibi Punnam, yule aliyenyimwa kadi nyingine, alisema kwa sauti nyembamba, "Amina." Huo mstari hakuna aliyewahi kuuitikia amina pale Sotjae.

"Haya yote yanajulikana," Mzee Hyon alisema. "Lakini neno tulilopewa ni la mkamwana. Mungu alilileta kwa ajili ya Mama Sol."

"Nani alilitoa kikapuni?"

"Kwa ajili ya..."

"Nakuuliza mkono! Ulikuwa wa nani? Bibi Punnam yule pale ulimwambia nini? Neno ni la nani?"

Mzee Hyon akaigeuza fremu mikononi. Hakuna aliyemsaidia, kwa maana kila mtu alikuwepo siku ile.

"La mkono uliolitoa," Jomnye akajijibu. "Mungu hakosei mkono. Basi si la Thoa. Thoa hakuitoa kadi hii. Mkono ni wangu mimi, na neno ni..."

Akakoma. Alikuja kumfungua mtu kamba, na sasa aliona ncha ya pili imefungwa wapi. Aliketi ghafla, benchi likalia, na mpiga picha, asiyejua la kufanya, akapiga picha.

Chakula kikaliwa chini ya kanisa kama kawaida, wali na majani ya mlimani na mafuta ya ufuta, kwa sababu Sotjae hata watu wakikosana lazima wale. Jomnye alikoroga bakuli lake hadi likawa uji.

"Mama Sol," alisema bila kumtazama. "Huko kwenu, kuna kabichi?"

"Ndogondogo. Joto haliziachi zikue."

"Mmezipanda ovyo."

"Mama, unauliza nini?"

"Nauliza kabichi!" Kisha, chini chini, kama mtu anayeng'olewa jino: "Nauliza kama naweza kuja. Ukisema hapana ni hapana. Hakuna kadi safari hii."

Thoa aliweka kijiko. Alifikiri kwa muda wa kweli, na hakuficha kwamba anafikiri.

"Utagombana na mama yangu."

"Nitagombana naye."

"Hatasikia unachosema."

"Ndiyo vizuri."

"Na pale kwenye Mungu wako atakuwa Mungu wangu? Kwetu kuna madhabahu ya babu sebuleni."

"Hapo tutazozana njiani. Kwani Mungu wako wewe ni yupi?"

"Ni huyohuyo wako. Si mlinimwagia maji wenyewe?"

"Basi ndiye ninayegombana naye. Yuko na huko, au anaishia hapa mlimani?"

Thoa, kwa mara ya kwanza tangu vuli, akacheka, akafunika mdomo. "Mama, koti hilo hutalihitaji," alisema. Jomnye akalielewa kuwa ni ndiyo, na akakasirika kwa sababu macho yalikuwa yanamwagika ndani ya wali mbele ya kanisa zima.

Waliondoka mwishoni mwa Mei, kabla ya miche. Shamba alimkodisha Tokpal, mtu mwenye haya ambaye hadi siku hiyo hakuwa ameelewa kwa nini kijiji kizima kinamtazama kwa huruma. Ndiye aliyewabebea masanduku hadi ghalani. Wengine tulisimama pembeni. Mzee Hyon hakuja, ila alituma kasha la peari, na Jomnye akalipokea, akalipandisha basini, kwa kuwa njia ni ndefu na mtoto hula.

Mchungaji Ban alitaka kumwombea. Jomnye alikubali, lakini kabla ya amina akamkatiza, akainua uso kuelekea shamba lililomuua mwanawe.

"Sijakusamehe," alisema, na hakuna aliyedhani anasema na mchungaji. "Usidhani nimesahau. Lakini nimeona uliruhusu iandikwe. Kwa hiyo twende, tutaongea huko."

Akapanda. Koti hakulivua. Sol alikuwa tayari dirishani. Thoa akamshika mama mkwe wake mkono kumkalisha, na Jomnye akamwambia amwachie, yeye si mgonjwa, kisha hakuuachia.

Basi lilipoanza kushuka, dirisha likafunguliwa kwa nguvu.

"Tokpal! Mawe ya mpaka usiyaguse! Kuna siku nitakuja kuyaangalia, moja moja!"

"Ndiyo, Mama!" Tokpal aliitikia, akainama hadi kiunoni.

Kona ya kwanza ikawameza. Tulibaki pale na upepo na mteremko, tukisubiri bila kujua tunasubiri nini, hadi Bibi Punnam akauliza kama kuna aliyekula.